Darasa la Pili tumesherehekea mwaka mpya wa Waajemi hapa Mwanza: choroko, siki na sato kwenye ndoo (mrejesho, uzi mrefu)

Ticha wa Ziwani

Habari za majukumu wakuu.

Kuna watu walinidai mrejesho wa siku yetu ya utamaduni, sasa naleta. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nafundisha Darasa la Pili, shule moja hapa Mwanza, watoto 58. Mwaka huu wa 2025 tulikubaliana walimu tusirudie yale ya kila mwaka: watoto wamefungwa vibwebwe, ngoma ya Kisukuma ya bugobogobo dakika tano, wazazi wanapiga picha, soda, kwaherini. Safari hii kila darasa liokote karatasi yenye jina la nchi. La Tatu wakapata China, La Nne wakapata India, wakashangilia maana kila mtu anajua pa kuanzia. Nikafungua ya kwangu: IRAN. Mwalimu wa La Tatu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mavazi. Kanzu, kilemba, azima zulia, mtoto mmoja awe mfalme. Sikutaka. Mtoto wa miaka saba ukimvika kilemba atakumbuka kilivyomwasha kichwani, na Mwajemi akipita pale atashangaa huyo ni nani. Nilitaka jambo ambalo mtoto wa Kiirani wa umri ule ule analifanya kweli nyumbani kwao, na watoto wangu walifanye kwa mikono yao.

Nikaangukia Nowruz, mwaka wao mpya. Kilichonishika kwanza ni saa. Kwao mwaka haubadiliki usiku wa manane. Unabadilika dakika ile jua linapovuka mstari wa ikweta mwezi Machi, iwe alfajiri, iwe mchana. Mwaka huu ilikuwa Alhamisi tarehe 20 Machi, Tehran saa 6 na nusu mchana. Tehran wako mbele yetu nusu saa, kwa hiyo hapa Mwanza ni saa 6 na dakika 1. Mchana kweupe, watoto wako darasani! Nikaona hii nimeletewa.

Jambo la pili ni meza. Kila nyumba inaandaa meza inayoitwa haft-sin, maana yake siin saba: vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi yanaanza na herufi siin. Sabzeh, mbegu zilizochipuzwa kwenye sahani mpaka zikawa bustani ndogo. Sib, tufaha, ambalo sokoni kwetu ni epo tu. Sir, kitunguu saumu. Serkeh, siki. Halafu kuna somaq, kiungo chekundu kichachu, na senjed, tunda kavu linalofanana na tende, na samanu, uji mzito wa ngano iliyochipuzwa. Hivi vitatu Mwanza usinitafutie. Lakini wenyewe wanaokosa kimoja wanaweka sekkeh, sarafu, au ua, au saa, nikapumua. Pembeni wanaweka kioo, mayai yaliyopakwa rangi, na mara nyingi samaki hai kwenye bakuli.

Siku niliyoandika س ubaoni sitaisahau. Nina mtoto mmoja (nimwite Juma, si jina lake) ambaye tangu Januari akisimamishwa kusoma anatazama dirishani. Nimeandika ile herufi, nimegeuka kuuliza nani anaijua, Juma amesimama juu ya dawati. "SIIN! Ticha, hiyo ni siin!" Akaja mbele bila kuitwa, akachukua chaki, akaandika siin, akaandika shiin, akaweka nukta tatu juu, akamgeukia mwenzake anayeongoza darasa akamwambia "soma". Mwenzake hakuweza. Watoto wa madrasa wote wakawa walimu siku ile.

Sasa balaa la mbegu. Maelezo niliyokuwa nayo yalisema otesha ngano wiki mbili kabla. Ngano nzima nikaikosa, nikanunua choroko, maana Kanda ya Ziwa choroko si ya kutafuta, na nilijua hata Wairani wengine wanatumia choroko au dengu. Nisichofikiria ni kwamba choroko si ngano. Loweka usiku, tandaza kwenye sahani juu ya kitambaa kibichi, siku ya tatu imeshatoa mkia. Siku ya nane ilikuwa imerefuka kama watoto wa sekondari, imelala chini, manjano. Ya kumi inanuka. Ijumaa watoto wananiuliza "Ticha, mwaka wao umekufa?"

Jumamosi nikaja shule na choroko kilo mpya, Jumapili usiku nimeiloweka, Jumatatu asubuhi tumetandaza upya kila kundi sahani yake. Alhamisi ilikuwa na urefu wa kidole, kijani, imesimama wima na majani mawili mawili. Kwa anayetaka kujaribu: choroko siku nne, usizidishe tano.

Jambo la tatu, na hapa najua mtanishambulia. Siku tunapanga meza mtoto mmoja akauliza kwa nini isiwe S ya kwetu. Kabla sijajibu darasa likalipuka: sukari! sabuni! samli! saa! sufuria! Mmoja ambaye baba yake yuko soko la samaki la Mwaloni Kirumba akasema SATO. Nikasema sato haanzi na siin ya Kiajemi. Akanijibu, "lakini umesema wanaweka samaki." Mahakama ikafungwa hapo. Tukaweka meza mbili: moja ya haft-sin kama wanavyoifanya wao, na pembeni kimeza cha S saba za Mwanza. Alhamisi asubuhi kijana kaja na sato hai kwenye ndoo ya rangi, kafunika na khanga ya mama yake.

Ilikuwa Ramadhani, wapo watoto waliofunga kweli na wapo waliofunga mpaka saa nne. Kwa hiyo hakuna aliyekula mbele ya mwenzake. Epo tulizikata saa ya kutoka, kila mtoto akaondoka na kipande chake na yai lake kwenye karatasi.

Saa 5 na dakika 55 tulikuwa tumekaa chini tumezunguka meza. Saa ya ukutani ya ofisini nimeiazima. Nimewaambia hatupigi kelele mpaka mshale ufike. Wakuu, watoto 58 wa Darasa la Pili walinyamaza dakika nzima. Kilichosikika ni mkia wa sato unagonga ndoo. To. To. Kisha wakalipuka, mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani kuna nyoka.

Barua za wazazi zilikuwa mbili, zote za siku moja. Mzazi mmoja mlokole: mnasilimisha watoto. Mzazi wa pili, Muislamu: mnawafundisha watoto umajusi (ile dini ya kale ya Uajemi inayohusishwa na moto). Mwalimu mkuu akazisoma zote mbili, akanitazama, akasema "angalau umewakosea kwa usawa." Nikamweleza kwamba ni sikukuu ya majira, wanaisherehekea Wairani, Waafghanistani, Watajiki, Waazabajani, Wakurdi na wengine, wa dini tofauti, na Umoja wa Mataifa uliitambua tarehe 21 Machi kuwa siku ya kimataifa ya Nowruz tangu 2010. Wazazi tukawaita, wakaja, wakaona sahani za choroko. Yule mlokole aliomba mbegu.

Picha nimeshindwa kupandisha, mtandao wa leo ni wa kuvuta kwa kamba. Karibuni.

---

Kobe wa Igoma

Mwalimu, kabla hatujaendelea na Uajemi, huyo sato alikuwa na sentimita ngapi? Chini ya 25 ni uvuvi haramu, na wewe umemweka mbele ya mashahidi 58.

---

Ticha wa Ziwani

@Kobe wa Igoma sikupima na sipimi. Jioni tulimrudisha ziwani mimi na kijana wake. Kesi imefutwa.

---

Mwenye Macho

Mimi nitakuwa mkali kidogo. Watoto wa Darasa la Pili hawajamaliza KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). Kuna shule mtoto anafika la nne hajui kuandika jina la kijiji chake. Halafu wiki mbili nzima mnachipua choroko kwa ajili ya Iran. Na bugobogobo mnaiita "dakika tano, soda, kwaherini". Wasukuma tuna sikukuu ya ngoma, Bulabo, pale Bujora kila Juni, vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza mpaka na nyoka. Mtoto wako anaijua hiyo? Anzeni nyumbani.

---

Ticha wa Ziwani

@Mwenye Macho la Bulabo nakubali, na limeniuma. Tumeigeuza bugobogobo kuwa ya kupigia picha sisi wenyewe, ndiyo maana nikaichoka. Kosa si la ngoma.

La KKK nakukatalia. Wiki mbili hazikuwa za kukaa. Kila asubuhi kila kundi lilipima choroko yake kwa rula na kuandika tarehe na sentimita. Hiyo ni kuandika na kuhesabu. Majina ya vitu vya mezani waliyaandika wenyewe kwenye kadi, "kitunguu saumu" ameikosea karibu kila mtu, tukairudia mpaka ikakaa. Na Juma niliyemtaja sasa akisimama kusoma hatazami dirishani. Hasomi vizuri bado, lakini anatazama kitabu.

---

Mkae wa Kusini

Hodi hodi. Mimi mtu wa Makunduchi, Unguja. Nimeusoma uzi mzima nasubiri mtu aseme, naona hakuna. Mwalimu, hiyo Nairuzi ni yetu pia. Umeifuata Tehran na huku umeiruka Zanzibar.

Sisi mwezi wa Julai tuna Mwaka Kogwa, siku ya mwaka. Wazee wanaiita Nairuzi, neno ni lile lile lako, na wanasema ililetwa na Washirazi, watu waliotoka Shiraz huko Uajemi. Kogwa ni kuoga: watu wanaoga pwani kuuondoa mwaka wa zamani. Kisha uwanjani pande mbili zinapigana kwa magogo ya migomba. Kama ulikuwa na kinyongo na mtu unakimaliza pale, jioni mnakula sinia moja. Kinajengwa kibanda cha makuti, kinatiwa moto, mtu anatoka mbio ndani yake, kina mama wanaimba wamevaa kanga mpya, maneno mengine ya nyimbo hizo mwalimu usiwapelekee La Pili. Na siku hiyo kukosa mgeni nyumbani kwako ni mkosi. Atakayekuja hata hatumjui atakula.

Wakulima na mabaharia zamani walihesabu siku kutoka Nairuzi, kumi kumi, kila kumi ni mwongo. Ukimuuliza mzee lini tupande, anakutajia mwongo, hakutajii Novemba.

---

Ticha wa Ziwani

@Mkae wa Kusini nimesoma hii mara tatu, nimesimama kwenye daladala. Kwa nini hakuna aliyeniambia kabla ya Machi?!

Swali: kama asili ni moja, kwa nini wao Machi na ninyi Julai?

---

Hesabu Kavu

Naomba nijibu hilo maana ni la hesabu.

Nairuzi ya pwani inahesabu siku 365 kamili, basi: miongo 36 na siku 5 za juu. Haina mwaka mrefu. Jua lenyewe linatumia siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo kila miaka 4 siku ya mwaka inarudi nyuma siku moja. Waajemi wenyewe waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079, Omar Khayyam akiwa mmoja wa wataalamu waliofanya kazi hiyo, wakaifunga Nowruz kwenye jua la Machi. Iliyokwisha kusafiri na majahazi hakuna aliyeirekebisha, ikaendelea kuteleza: Machi, Februari, Januari, Desemba, ikirudi nyuma taratibu mpaka Julai.

Kutoka Machi kurudi nyuma mpaka Julai ni siku 240 hivi. Mara miaka 4, unapata miaka 960 hivi. Sisemi hiyo ndiyo tarehe ya jahazi kutia nanga. Wanahistoria wengi wanasema habari za Washirazi zina mengi ya kujijengea heshima, na kalenda inaweza kusafiri na wafanyabiashara bila ukoo wowote kuhama. Nasema tu saa ile inasoma hivyo.

Mfano wa pili: Waparsi wa India, wazao wa Waajemi waliohama, wengi wao nao wanatumia siku 365 tupu, mwaka wao mpya sasa unaangukia Agosti.

---

Kobe wa Igoma

Waparsi walikuwepo mpaka Unguja. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, familia ya Kiparsi. Nimeona niseme kabla hajatokea mtu kusema alikuwa Mnyamwezi.

---

Nyota ya Qom

Salaam. Mimi nilisoma Iran miaka minne, nimekaa nao Nowruz nne. Mwalimu umefanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Nyongeza ndogo.

Kwa sababu mwaka huu jua lilivuka baada ya adhuhuri ya Tehran, siku ya kwanza ya mwaka wao 1404 ilihesabiwa Ijumaa tarehe 21. Mlichokisubiri Alhamisi ni ile dakika yenyewe, wanaiita tahvil. Familia inakaa kuzunguka meza hivyo hivyo mlivyokaa, kimya, redio imewashwa.

Baada ya hapo wakubwa wanawapa watoto noti mpya kabisa, zisizo na mkunjo. Jina lake eidi. Watoto wako wa Kiislamu wanaijua, ni ile idi wanayodai nyumba kwa nyumba. Na usiku wa Jumanne ya mwisho ya mwaka watu wanaruka moto mtaani. Huo ndio moto uliomtisha mzazi wako, na ndugu yangu wa Makunduchi akisoma hapa nadhani atatabasamu.

Siku ya 13 hakuna anayebaki ndani. Kila mtu anakwenda kula majanini, na ile sabzeh inatupwa kwenye maji yanayotiririka.

Kuhusu S za Mwanza mimi sina shida, ila nisingezichanganya kwenye meza moja. Ulivyoweka mbili ni sawa.

---

Ticha wa Ziwani

@Nyota ya Qom asante sana. Maji yanayotiririka yaliyo karibu na sisi ni Mto Mirongo, na Mirongo una vya kwake vya kutosha. Sahani zilienda kwa mbuzi wa mlinzi. Alikula mwaka mpya wote kwa dakika mbili.

---

Mama Nanyuki

Hujambo mwalimu, nasoma kutoka Kenya. Sisi tuko juu ya ikweta kabisa, tuna ule mstari barabarani watalii wanapigia picha. Siku kama hiyo ungesimamisha kijiti uani, jua likifika utosini kivuli kinaisha. Hiyo ingewaonyesha watoto jua liko wapi, badala ya kutazama saa ya ukutani pekee.

---

Ticha wa Ziwani

@Mama Nanyuki sijambo dada, tulifanya, nimesahau kuandika! Si saa 6 na dakika 1, maana kwetu magharibi huku jua linachelewa kufika utosini, mpaka karibu saa 7. Tulisimamisha rula ya mita uwanjani, kivuli kikapungua, kikapungua, mpaka kikawa hakifiki upana wa kiganja changu. Mtoto mmoja akajaribu kukisimamia kivuli ili kisikimbie.

---

Mwl Mpya Geita

Ticha, nami nina La Pili. Gharama?

---

Ticha wa Ziwani

@Mwl Mpya Geita choroko kilo mbili (moja iliozea kwenye sahani, usirudie kosa langu), epo 15 ndizo zilizoniumiza, siki chupa ndogo, kitunguu saumu, trei mbili za mayai wazazi walichanga. Rangi ya mayai tulichemshia maganda ya vitunguu maji, yanatoka kahawia nzuri, bure. Sahani kila kundi ilileta ya kwao. Sato hakuwa na bei.

Ukitaka maneno ya kuwachangamsha, waambie watoto wanaongea Kiajemi tayari: bandari, bustani, dirisha, nahodha, serikali, pilau. Wangu waliposikia pilau walikataa kuamini.

---

Mwenye Macho

Nimerudi. Nimeona Bagika na Bagalu, pande mbili. Makunduchi, pande mbili. Kama mwakani mtafanya Mwaka Kogwa Juni, mkaweka na Bulabo siku hiyo hiyo, migomba naleta mimi. Ninayo Buswelu, ipo ya kukata.

---

Ticha wa Ziwani

@Mwenye Macho nimeshaandika jina lako kwenye daftari, usikimbie.

Mrejesho mdogo wa leo, Juni. Ile choroko ya kwanza iliyolala, kumbe kuna watoto waliiokota jalalani wakaifukia nyuma ya darasa bila kuniambia. Nyingi ilikufa. Iliyopona imebeba maganda. Leo tumeyapasua, tumepata choroko 214, wamezihesabu mara nne maana kila kundi lilipata jibu lake. Juma ndiye aliyeandika idadi ubaoni. Amezifunga kwenye karatasi ya daftari, amechora siin juu, na ameniambia niziweke ofisini mpaka Julai, yule mtu wa Makunduchi akija azikute.

---

Mkae wa Kusini

Mwambie Juma nakuja.